Ua Moja la Briallu

Kijijini kwetu Cwm Brwyn majina ni machache kuliko watu. Kuna akina Parry, akina Pritchard, akina Ellis na akina Roberts, umemaliza. Ukisimama nje ya duka la mikate ukaita "Bwana Parry!" watageuka wanaume wanne na pengine mbwa mmoja. Kwa hiyo kila mtu ana majina mawili. Moja ni la kanisani, ambalo hutamkwa akibatizwa, akioa na akizikwa, na mara ya tatu mwenyewe hayupo kulisikia. La pili ni la barabarani, na hilo ndilo analoitikia. Huyu ni Huw Mkate kwa sababu ya kazi yake. Yule alikuwa Elis Jumanne kwa sababu aliwahi kwenda kanisani Jumanne akidhani ni Jumapili, na hakuna aliyekubali jambo hilo lisahaulike.

Hata makaburini majina hayo mawili hufuatana. Jiwe lisipokuwa na jina la nyumba au la barabarani chini ya lile la kanisani, mjukuu anaweza kumlilia babu wa mtu mwingine.

Ithel Parry alikuwa Ithel wa Majina, maana ndiye aliyeyachonga. Karakana yake ilikuwa banda la zamani la farasi chini ya kilima cha vifusi vya machimbo, na mawe yake yalitoka mlima huo huo: sleti, jiwe la rangi ya mvua inayokuja, linalopasuka kwa mabamba kama kurasa za kitabu kilicholowana. Alirithi tindo za baba yake, na pamoja nazo desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Jina la marehemu alilianzia nyuma. Alichora herufi zote kwa chaki, kisha akachonga ya mwisho kwanza, akarudi hivyo mpaka ya kwanza.

Nilimuuliza sababu.

"Ukianza mbele, unasoma," alisema. "Ukisoma, unamwona mtu. Ukimwona mtu, mkono unatetemeka, na sleti haisamehe. Ukianza nyuma ni mistari tu, Tegwen. Mistari haijafa."

Mimi ni mtunza bustani katika jumba la Plas Helyg, ng'ambo ya mto, ambako wageni hulipa kiingilio ili waone maua. Kila baridi ilipoanza kulegea nilimpelekea Ithel majina ya mimea, naye akanichongea vibao vidogo vya kuchomeka udongoni. Juu jina letu, lile walilolitumia bibi zetu. Chini, kwa herufi ndogo zilizolala, jina la Kilatini ambalo wataalamu wa dunia nzima huelewana kwalo. Hayo aliyaanzia mbele, akipiga mluzi.

"Kumbe hata maua yana jina la kanisani," alinitania.

"Na la barabarani."

"Afadhali yao. Hayaitwi Jumanne."

Nesta alikuwa mtoto pekee wa Ithel na mkewe Morfudd. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukakaa benchi moja shuleni, na nilikuwapo siku alipopata jina lake la barabarani. Tulikuwa na miaka saba. Theluji ilikuwa imekwisha isipokuwa mitaroni, na kwenye ukingo wa njia ya kondoo Nesta akaona briallu ya kwanza ya mwaka. Ni ua dogo la manjano hafifu, rangi ya siagi changa, lenye jicho lililokoza katikati, na majani yamekunjamana kama vidole vya mtoto aliyekaa sana majini. Halina fahari yoyote. Lakini baada ya miezi ya kijivu, ukiliona ni kama mtu amewasha taa chumba cha pili. Nesta alilichuma hilo hilo moja, akakimbia nalo nyumbani, mimi nyuma yake.

Jikoni mwao, ndani ya sanduku kando ya jiko, kuku mwekundu alikuwa ameatamia mayai kumi na matatu. Bibi yake, mama mzazi wa Ithel, alikuwa akimenya viazi. Alipoinua macho na kuona kilichokuwa mkononi mwa mtoto, kisu kilimponyoka.

"Toka! Toka nje nalo, mtoto wewe!"

"Nimemletea mama, Bibi."

"Moja? Unaingiza moja, na kuku yuko juu ya mayai? Umetumwa na nani?"

Kila mtoto wa kwetu anaijua sheria hiyo, na Nesta aliijua pia. Furaha ndiyo iliyomsahaulisha. Briallu za kwanza kuingia nyumbani sharti ziwe kicha kizima, zisipungue kumi na tatu, sawa na mayai ya kuku mmoja. Ukiingiza pungufu, na vifaranga vitakuwa pungufu kwa kadiri hiyo hiyo.

Morfudd alitoka chumba cha nyuma, mikono yote unga. Alikuwa bado msichana, ukimtazama vizuri. Mwanamke mwepesi wa kucheka. Alilipokea lile ua, akalitia ndani ya kikombe kidogo cha kuwekea yai, akaliweka dirishani.

"Mama, yai halijui kuhesabu," alimwambia mkwewe.

"Tutaona kama halijui."

Kikatoka kifaranga kimoja.

Mengine yote yalikuwa viza. Ithel alisema jiko lilizimika na mayai yakapigwa na baridi, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini bibi alifika na habari dukani kwa Huw Mkate, na kabla mikate ya kesho yake haijaiva, Nesta alikuwa Nesta Kifaranga Kimoja. Baadaye watu wakaona uvivu, likabaki Nesta Kifaranga. Mwenyewe alilipenda. Alitembea na kile kifaranga ndani ya kofia yake ya sufi mpaka kikawa kuku mzima wa kumnyea mabegani.

Asiyelipenda alikuwa Morfudd. Miaka ilipita na hakushika mimba nyingine. Siku moja, mbele ya wageni, mkwewe alikoroga chai yake akasema bila kuinua uso: "Ua moja liliingia nyumba hii. Na si kuku peke yake aliyekuwa anaatamia."

Watu walitazama vikombe vyao. Maneno hayo yalisemwa mara moja tu, na aliyeyasema amekwisha kuzikwa siku nyingi. Lakini tangu siku ile, kila mtu aliyemwita binti yake Kifaranga, Morfudd alisikia tumbo lake likihesabiwa hadharani. Hakugombana na mtu. Ila kicheko chake kikawa kitu cha wageni, kama vile vikombe vizuri vinavyokaa kabatini. Yeye alimwita mtoto Nesta, akikaza kila silabi. Na briallu hazikuvuka tena kizingiti chake, ziwe moja, ziwe kapu.

Nesta alikua akawa mpeleka barua. Alipanda mpaka mashamba ya juu, ambako mzee anaweza kukaa wiki nzima bila kuona uso usiokuwa wa kondoo. Hodi yake ilianzia langoni: "Kifaranga huyo! Wekeni birika motoni!" Nakumbuka siku niliyopanda naye hadi kwa Caradog wa Hafod Ucha, mzee mjane mwenye ulimi wa upupu.

"Umeniletea nini leo, Kifaranga?"

"Tangazo la dawa ya kupe na mapenzi yangu. Tuanze na lipi?"

"Kupe kwanza. Mapenzi yako yananuia mkate wangu wa zabibu."

"Na siagi, mzee wangu. Usiniwekee siagi kama unapaka dawa ya macho."

Tulipokuwa tunashuka aliniambia kwamba siku ile hakukuwa na barua yoyote ya Hafod Ucha. Lile tangazo alikuwa amelitoa kwenye kisanduku cha barua cha kwao nyumbani.

Hakuolewa. Akaanza kuchoka, yeye aliyekuwa hachoki, na alama za buluu zikamtokea miguuni kama mtu aliyepigwa. Ulikuwa ugonjwa wa damu. Kufikia mavuno ya nyasi madaktari wa hospitali hawakuwa na tiba tena. Walimrudisha nyumbani, kitanda chake kikawekwa chini karibu na dirisha ili aone njia. Siku moja nilikuwa nimekaa naye, Ithel akaingia kutoka karakana, vumbi la sleti kwenye nyusi.

"Baba," Nesta alisema, "langu lina herufi tano tu. Sitakuchosha."

"Usiseme mambo hayo."

"Nikuombe moja halafu ninyamaze. Usinianzie nyuma."

Ithel alisimama pale pale.

"Wengine sawa," alisema Nesta. "Mimi unisome. Anzia mbele, hata mkono ukitetemeka. Ikipinda, ipinde. Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

"Tegwen shahidi. Haya, nani atanipa chai humu ndani, au mpaka nife?"

Majani yalipoanguka tulimzika. Hakuwa amefika miaka arobaini. Kwenye kaburi palisimamishwa kigingi cha mbao, kama wafanyavyo watu wakingojea udongo utulie. Udongo ukatulia. Kigingi kikabaki.

Sasa, kwetu kuna Jumapili ya Maua, wiki moja kabla ya Pasaka. Kijiji kizima huenda makaburini na ndoo na burashi. Mawe huoshwa, magugu hung'olewa, na briallu zilizong'olewa na mizizi yake kwenye kingo za njia hupandwa juu ya wafu, mpaka uwanja wote wa kanisa unakuwa wa manjano. Kila mtu huona kaburi la kila mtu. Kaburi lisilo na jiwe siku hiyo ni kama mtoto aliyeachwa peke yake mlangoni, na hili lilikuwa la binti wa mchonga mawe.

Goronwy Pritchard, mzee wa kanisa tunayemwita Goronwy Ufunguo kwa sababu hawezi kumwachia mwingine ufunguo wa kanisa hata akiwa na homa, alikwenda karakana kuzungumza. Nami nilikuwapo, nimefuata vibao vyangu.

"Ithel, ndugu yangu, watu wanauliza."

"Na waulize."

"Si kwa ubaya. Huyu atakuwa Nesta Parry wa tatu pale. Ukiandika Nesta Parry ukaishia hapo, watu watampelekea maua Nesta Sukari, na yule mama hakuwahi kumpa mtu hata kijiko kimoja. Weka Kifaranga. Ndilo jina lake. Nani alimjua kwa jingine?"

"Mimi," ilisema sauti ya Morfudd.

Alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Morfudd, dada yangu, sikukusudia..."

"Atakayechonga jina hilo, Goronwy, atakuwa anachonga tumbo langu. Aanzie mbele, aanzie nyuma, ni tumbo langu, na kila mwaka mtakuja na ndoo zenu mlioshe. Kunywa chai yako, inapoa."

Goronwy aliinywa yote, ikimuunguza, akaondoka.

Ithel hakuwa mtu wa kumshinda mkewe kwa maneno, wala hakutaka. Alilijua jeraha lile. Ni mama yake aliyelifungua. Lakini pia alikuwa ameishi na jina la Kifaranga kila asubuhi ya maisha ya binti yake, akilisikia likipanda mlimani na kushuka. Bila hilo, aliniambia, Nesta Parry anaweza kuwa mtu yeyote. Alikuwa amechagua bamba zuri la sleti, lisilo na mshipa hata mmoja, akaliegemeza ukutani. Kila nilipopita niliona chaki imechorwa, au imefutwa. Mabaki ya chaki yalifanya ukungu juu ya jiwe.

"Nimeahidi kuanzia mbele," alisema. "Na sijui mwisho wake ni upi. Utaanzaje njia usiyojua inakoishia?"

Vibao nilivyofuata siku ile vilikuwa vya kitalu cha machipuko. Alikuwa amemaliza vyote isipokuwa kimoja. Alikichukua kilichobaki, kikiwa bado kitupu, akanitajia kutoka kichwani: "Briallu. Primula vulgaris. Miaka yote hii nakuchongea, sijakuuliza. Maneno haya yana maana, au ni sauti tu?"

"Yana maana. Hilo la pili ni 'ya kawaida'. Ya watu wote, ya kando ya njia."

"Na la mbele?"

"Limetokana na 'kwanza'. Ila wamelifanya dogo, kama mtu anavyomdekeza mtoto. Mimi ningesema kadogo ka kwanza. Kwa sababu linatangulia mengine."

Aligeuza kibao mkononi. Nje maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye vifusi.

"Kadogo ka kwanza," alisema. "Kumbe wataalamu nao wana moyo."

"Mara moja moja."

"Na Kilatini hakimchomi mtu hapa kijijini."

Niliona wazo linavyomwingia usoni, na lilionekana jema, hata kwangu.

Ijumaa kabla ya Jumapili ya Maua alimtuma mtoto wa jirani kuniita. Hakutaka nifanye chochote. Alitaka tu pawe na mtu pale. Bamba lilikuwa mezani, chaki safi. Alishika tindo, akaiweka kwenye mguu wa herufi ya kwanza, akakaa hivyo muda mrefu sana, kama mtu aliyesimama mbele ya mlango wa nyumba yenye ugonjwa. Kisha akapiga.

Alisoma kwa sauti alivyokwenda. Si herufi, alimsoma mtoto. Alipokuwa kwenye N alisema alizaliwa na nywele nyingi kiasi kwamba mkunga alimcheka. Kwenye E alikuwa anajifunza kutembea, akishika ukingo wa sanduku la kuku. Machozi yalishuka yakachanganyika na vumbi, yakafanya tope la buluu mashavuni, naye hakuyapangusa kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini. Kwenye S tindo iliteleza kidogo. Ukiliangalia jiwe leo utaona, kwenye mpindo wa chini, mahali pembamba kuliko inavyotakiwa. Hakurekebisha. "Ikipinda, ipinde," alisema.

Alipomaliza Parry mchana ulikuwa umesogea. Hakupumzika. Chini yake, kwa herufi ndogo zilizolala, alichonga Primula vulgaris, bila chaki, kama mtu anayeandika kwa kalamu. Kisha akaenda mlangoni akamwita mkewe.

Morfudd aliingia na koti lake la nyumbani, akasimama mbele ya meza. Aliliangalia jina la mtoto wake. Alinyoosha mkono akaugusa ule wembamba kwenye S, na nadhani alielewa bila kuambiwa.

"Limekuwa zuri," alisema. Halafu: "Hiki cha chini ni nini?"

"Jina la ua."

"Ua gani?"

Ithel alikung'uta tindo ambayo haikuwa na kitu.

"Ithel. Ua gani?"

"Lile."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Ithel akaanza kueleza haraka haraka, mtu wa maneno machache akiyatumia yote kwa siku moja. "Hakuna kifaranga humo, Morfudd. Hakuna hesabu. Muulize Tegwen. Kwa Kilatini maana yake ni kadogo ka kwanza. Basi. Kadogo ketu ka kwanza."

"Wa kwanza," alisema Morfudd.

"Wa kwanza."

"Na wa pili yuko wapi?"

Ithel aliweka tindo mezani.

"Ukimwambia mtu huyu ni wa kwanza, hugeuka atazame nyuma yake kuna nani. Nyuma yake kuna nani, Ithel?" Alikuwa anapitisha kidole juu ya zile herufi ndogo, polepole, kama kipofu. "Mama yako alilisema kwa lugha yetu, nikalivumilia, alikuwa mzee. Wewe umekwenda kulitafuta kwa Kilatini."

"Sikutaka..."

"Najua hukutaka. Ungetaka ningekuchukia, ingekuwa nafuu. Lifute."

Alitoka. Alipofika uani alisimama, mgongo kwetu, mkono mmoja kwenye ukuta, kisha akaendelea.

Sleti haifutwi. Herufi iliyochongwa ni shimo, na shimo huliondoi; unaweza tu kulishusha jiwe lote linalolizunguka mpaka liwe chini sawa nalo. Ithel alichukua jiwe la kunolea na ndoo ya maji akaanza kusugua. Nilijitolea kumsaidia, akatikisa kichwa. Alisugua mpaka jioni. Neno la mwisho liliisha kwanza. Lile la mbele lilikaa sana; niliona Pri, kisha P peke yake, kisha tope. Palibaki mbonyeo usio na kina, upana wa viganja viwili, laini kama sahani, ambao mwanga usipokuwa wa ubavuni huuoni.

Lakini maji yalikuwa yanauona. Jumapili ilikuwa ya manyunyu. Jiwe lilisimamishwa Jumamosi, na watu walipofika na ndoo zao walikuta Nesta Parry, na chini yake doa lililolowana zaidi kuliko sehemu nyingine, jeusi, mahali ambapo jina lingekaa. Goronwy aliliona. Akaenda kufungua mlango wa kanisa ambao ulikuwa wazi.

Siku hiyo si ya huzuni kwetu, watu huongea. Mke wa marehemu Elis Jumanne alikuwa anasugua jiwe la mumewe akimgombeza: "Tazama ulivyo mchafu. Hata huku hunawi shingo." Watoto walikimbizana na mizizi ya briallu iliyofungwa ndani ya majani mabichi. Kisha sauti zikapungua upande wa lango, maana Ithel na Morfudd walikuwa wameingia.

Ithel alibeba sepeto ndogo. Morfudd hakubeba kapu wala ndoo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na viatu vyake vilikuwa na tope jekundu la njia ya kondoo, ambalo haliko mahali pengine kijijini. Alipiga magoti moja kwa moja kwenye udongo mbichi. Alipoutoa mkono, ndani yake mlikuwa na mche mmoja wa briallu, mizizi bado na udongo wake, na juu yake ua moja.

Tulidhani ataingiza tena mkono mfukoni. Hakuuingiza.

Goronwy ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Aliinama kwa adabu, akasogeza ndoo yake. "Morfudd, kwangu zimebaki nyingi. Chukua, dada yangu. Kaburi litaonekana tupu."

"Nilipata mmoja, Goronwy," alisema Morfudd. "Nipande wangapi?"

Alichimba kwa vidole. Alikataa sepeto ya mumewe. Aliutia mche, akausogezea udongo kutoka pande zote mbili, akaushindilia kwa kiganja taratibu, kama mtu anavyotuliza kitu kinachohema. Kisha akasema neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake, si jikoni, si barabarani, si siku ile ya mwisho karibu na dirisha.

"Haya, Kifaranga," alisema. "Haya, mwanangu."

Ithel aligeukia ukuta wa mawe, akaushika kwa mikono miwili.

Desturi yetu ni kwamba familia ikimaliza, majirani huongeza. Na watu wa mashamba ya juu walikuwa wamejitayarisha. Hata wale wasioshuka kwa harusi walishuka siku ile, kila mmoja ameukumbatia mzigo wake. Caradog wa Hafod Ucha alikuwa amebeba kapu la briallu tangu mlimani, na magoti yake yale mabovu. Alifika miguuni mwa kaburi. Alitazama lile ua. Alivua kofia yake, mvua ikamnyeshea upara, na alisimama hapo mpaka kapu likaanza kumwelemea. Hakuliweka chini. Aligeuka nalo taratibu, akalipeleka kaburi la jirani, akaanza kupanda huko. Waliokuwa nyuma yake waliona, wakafanya vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila mtu kumwambia mwenzake. Nesta Sukari, ambaye hakuwahi kumpa mtu kijiko, alifunikwa maua siku ile mpaka kwenye tarehe zake.

Uwanja wote ukawa wa manjano kutoka ukuta hadi ukuta, isipokuwa pale.

Kengele ya ibada ilipogongwa watu waliingia ndani. Niliwaacha nje wote wawili. Ithel alikuwa ametoka ukutani na kupiga magoti upande wa pili wa kaburi, akimtazama mkewe, naye Morfudd alikuwa ameweka viganja vyake kuizunguka briallu ile, bila kuigusa, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza.